Kompyuta ndogo ya mezani ya sekretariati kwa dola 250: ninunue ipi, na nibadilishe nini ndani yake?

Sekretariati_Katuba ameuliza:

Jambo sana kwenu nyote. Ninaendesha sekretariati ndogo huku Katuba, Lubumbashi, ambako tunaandika na kuchapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, barua za maombi ya kazi, mialiko ya ndoa na nyaraka nyingine za namna hiyo. Kompyuta tuliyo nayo ni lile kasha kubwa la zamani lenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2, na imefika mahali ambapo mteja anaweza kueleza shida yake, akatoka kwenda kununua mkate, akarudi, na kukuta faili yake ya Word bado inafunguka.

Nimetenga dola 250. Skrini ninayo, ya inchi 19, ila ina tundu la VGA peke yake. Kibodi ya AZERTY ninayo, na printa ya leza ninayo, kwa hiyo natafuta kompyuta yenyewe tu, ndogo, isiyokula nafasi ya meza wala umeme wa cash power. Mjini nimeonyeshwa tatu:

Ya kwanza ni kiboksi kipya kisicho na jina ninalolifahamu, chenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, kwa dola 150. Ya pili ni Dell OptiPlex 3050 Micro ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, yenye i5-6500T, RAM ya GB 4 na diski ngumu ya GB 500, kwa dola 140. Ya tatu ni Lenovo ThinkCentre M720q, nayo ya okazioni, yenye i3-8100T, RAM ya GB 8 na hifadhi ya SSD ya GB 128, kwa dola 230.

Mwuzaji wa ile Dell ananishauri niichukue hiyo, kwa sababu i5 ni kubwa kuliko i3, na pia kwa sababu, kwa maneno yake, siku nikipata pesa nitaweza kuichomeka prosesa ya kizazi cha 8, kwa kuwa tundu ni lile lile. Je, hayo ni kweli? Na je, ni heri kununua ya bei ndogo na kuiboresha polepole, au kutoa pesa nyingi mara moja?

---

Fundi_Kampemba amejibu:

Jambo mama. Nianze na ile mpya, kwa kuwa haihitaji maneno mengi: iache. Celeron N4020 ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili tu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, na katika viboksi vya aina hiyo RAM na eMMC kwa kawaida zimechomelewa juu ya ubao mkuu, kwa hiyo jinsi ulivyoinunua ndivyo itakavyobaki mpaka siku utakapoitupa. Ni mpya kwa umri, lakini haina njia ya kukua.

Sasa tuje kwenye hizo mbili za okazioni. Zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na ndiyo maana zinafunguka kwa urahisi, zina nafasi mbili za RAM, zina tundu la M.2 kwa ajili ya SSD na tena zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Zote mbili hutumia RAM ya DDR4 ya umbo dogo, yaani ile ya laptopu, ambayo mafundi wa mjini wanayo. Angalia tu usiuziwe DDR3 kwa kisingizio kwamba zinafanana: pengo lililokatwa kwenye ukingo wa DDR3 liko mahali tofauti, na haiingii hata ukiisukuma.

Kuhusu lile la tundu, mwuzaji wako amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, cha 7 na cha 8 (kizazi ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari, kama 6 katika i5-6500T) kwa kompyuta za mezani zote hukaa katika tundu linaloitwa LGA 1151. Lakini Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme ndani ya tundu hilo ilipoingia kizazi cha 8, na prosesa hizo zinataka ubao mkuu wenye chipu za mfululizo wa 300. OptiPlex 3050 haina chipu hizo. Ukiichomeka i5-8500T, itakaa vizuri kabisa katika nafasi yake na kompyuta haitawaka. Ile Dell inaishia kizazi cha 7, na kutoka i5-6500T kwenda i5-7500T ni hatua ambayo mtu anayeandika katika Word hataihisi.

Kuhusu i5 na i3, usitazame jina kabla ya kutazama kizazi. i5-6500T ina viini vinne, huanzia GHz 2.5 na kupanda hadi 3.1 inapobanwa na kazi. i3-8100T nayo ina viini vinne, na hukaa kwenye GHz 3.1 hiyo hiyo bila kupanda wala kushuka sana. Kwa hiyo hiyo i3 unayoambiwa ni ndogo haishindwi na i5 unayosifiwa. Katika kizazi cha 7 na vilivyotangulia, i3 za mezani zilikuwa na viini viwili. Kilipokuja kizazi cha 8 zikapewa vinne, lakini sifa mbaya ya zamani ikabaki kwenye jina.

Kinachoichelewesha kompyuta ya sekretariati, mara nyingi, si prosesa hata kidogo, ni diski ngumu. Diski ya kuzunguka husoma faili moja kubwa kwa kasi ya MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, na kichwa cha diski kinalazimika kurukaruka kuzitafuta, mpaka kasi inaanguka na kukaribia MB 1 kwa sekunde. SSD haina kichwa cha kusogeza. Hata ile ya SATA, ambayo ndiyo ya bei ndogo na inayofika karibu MB 550 kwa sekunde, itakupa kompyuta nyingine kabisa. Kwa maana hiyo, ile Dell ya dola 140 si ya dola 140: ongeza SSD, ongeza RAM ya GB 4 nyingine ili zifike 8, nawe utakuwa umekaribia bei ya Lenovo.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na inadai pia TPM 2.0, ambayo ni chipu ndogo ya usalama, ilhali Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu aliye nyumbani ningeweza kusema asihangaike. Lakini wewe, mama, kila siku unachomekewa flashi za watu usiowajua, zilizopita katika kompyuta za mtaa mzima. Sekretariati ndiyo njia panda ya virusi vya mji. Kuweka hapo Windows isiyozibwa tena matundu yake ni kujitafutia siku ambayo kazi za wanafunzi hamsini zitageuka kuwa faili zisizofunguka. Kwa hiyo mimi nasema Lenovo, na usibadilishe chochote ndani yake kwa sasa.

---

Mwalimu_Ruashi amejibu:

Salamu kwenu. Sina ubishi na Fundi juu ya tundu la prosesa wala juu ya diski, ila nadhani ameharakisha kuihukumu ile Dell, kwa sababu ameifikiria ikiwa na Windows peke yake.

Shuleni kwetu tunatumia Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litapata masasisho mpaka 2029, halidai kizazi chochote cha prosesa, na linakaa vizuri katika RAM ya GB 4 ikiwa hufungui kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja. Vile virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havifanyi kazi humo. LibreOffice hufungua faili za Word bila malipo, na ina Kifaransa kamili, jambo ambalo kwa wateja wako si dogo. Ukichukua Dell kwa dola 140, ukaitilia SSD tu, pesa inayobaki itakusaidia kwenye umeme, ambao sioni mtu ameutaja mpaka sasa.

Nakiri upungufu mmoja ambao ni wa kweli. Mwanafunzi akileta kazi iliyoandikwa katika Word, yenye majedwali mengi, fahirisi inayojijaza yenyewe na masahihisho ya profesa pembeni, kurasa zinaweza kusogea. Fonti ya Liberation Serif ina vipimo vile vile vya Times New Roman, kwa hiyo maandishi ya kawaida hayasogei. Ni majedwali na picha ndivyo vinavyokosa utulivu. Na kabla ya yote, hakikisha printa yako ya leza inatambuliwa na Linux, kwa sababu baadhi ya zile za bei ndogo zinategemea programu ya Windows peke yake. Hilo unaweza kulijaribu bila kusakinisha kitu: Mint huwaka kutoka kwenye flashi, unachapa ukurasa mmoja, unazima, na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa.

---

Umeme_Kamalondo amejibu:

Mwalimu amegusa penyewe. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa umeme, na kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa hazikufa kwa uzee. Umeme ulikatwa, haukuua kitu. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo, wakati mafriji na mapampu ya avenyu nzima yanaanza kwa mara moja, ukipanda na kushuka kabla ya kutulia, na chaja au ubao mkuu ukalipia. Kwa hiyo dola 250 si pesa ya kompyuta. Ni pesa ya kompyuta pamoja na kinga yake, na asiyeigawa hivyo tangu mwanzo atanunua mara mbili.

Habari njema ni kwamba hizi kompyuta ndogo ni rahisi kulindwa. Chaja yake imeandikwa wati 65, lakini hicho ni kikomo cha juu. Mtu akiandika tu katika Word, kompyuta yenyewe hula wati 10 hadi 20 hivi, na skrini ya LED ya inchi 19 hula kiasi kama hicho hicho. Tuseme wati 35 kwa pamoja. UPS ndogo ya kawaida, yaani kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 7, ambayo ukizidisha ni wati-saa (Wh) 84 kwenye karatasi. Betri ya risasi ikinyonywa haraka haitoi yote, na UPS nayo hupoteza sehemu katika kubadilisha umeme, kwa hiyo hesabu nusu: Wh 40. Hiyo ni saa moja na dakika chache wakati betri ni mpya, na pungufu kila mwaka unaopita. Haitoshi kufanya kazi delestaji nzima, yaani muda wote wa mgao wa umeme, lakini inatosha kumaliza ukurasa, kuhifadhi faili, na kuzima kwa utaratibu. Kasha lako la zamani, likiwa na skrini hiyo hiyo, lingeimaliza betri hiyo upesi zaidi.

Ila naomba usichomeke printa ya leza katika UPS hiyo. Ile roli inayopashwa moto ili kuyeyusha wino wa unga kwenye karatasi huvuta mamia ya wati kwa kushtukiza, na baadhi ya printa hukaribia wati 1,000. UPS ndogo italia na kuzima kila kitu, pamoja na kompyuta uliyotaka kuilinda. Printa ipitie kwenye stabilizateri yake peke yake. Na umeme ukikatika, usisubiri urudi ukiwa umechomeka: chomoa printa, acha umeme urudi na kutulia kwa dakika kadhaa, ndipo uchomeke tena.

Jambo la mwisho ni vumbi. Ninyi wa Katuba mnajua lile jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, kuanzia Mei mpaka mvua zinaporudi. Hivi viboksi vina feni moja ndogo na njia nyembamba za hewa. Usikiweke sakafuni, na kila kiangazi kifunguliwe kipulizwe, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke kwa nguvu ya hewa.

---

Sekretariati_Katuba amerudi:

Nawashukuru sana, papa zangu. Nimesoma yote mara mbili. Pendekezo la Mwalimu limenivutia kwa bei, lakini sehemu kubwa ya kazi zetu ni zile hasa alizozitaja, zenye majedwali na masahihisho ya maprofesa, na mwanafunzi aliyebakiza siku mbili kabla ya kutetea kazi yake hatanielewa nikimwambia kurasa zimesogea. Kwa hiyo naelekea kwenye Lenovo. Nimezungumza na mwenye duka, amekubali dola 210, nami nitaongeza kidogo mwezi ujao kwa ajili ya UPS; mpaka hapo nitakuwa nikichomoa kila umeme unapokatika.

Yamebaki matatu. Chaja aliyonipa si ya Lenovo, bali imeandikwa volti 20 na ampea 3.25, na ncha yake ni ya mstatili. Je, inafaa? Pili, nyuma ya kompyuta sikuona VGA. Na tatu, nitaipimaje kabla ya kutoa pesa, wakati mimi si fundi?

---

Fundi_Kampemba amejibu:

Chaja: zidisha 20 kwa 3.25, utapata wati 65, ambazo ndizo hiyo M720q inazohitaji, na ncha ya mstatili ndiyo yake. Inafaa, ila iguse baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuishika, mwambie aibadilishe. Nakuambia tu, kwa kuwa uliifikiria na ile nyingine, kwamba Dell ni wakali zaidi katika jambo hili: kompyuta zao huitambua chaja kwa waya mdogo wa katikati, na chaja isiyotambuliwa hufanya prosesa ipunguzwe kasi, mtu akadhani kompyuta ni mbovu.

VGA: baadhi ya hizo Lenovo ziliwekewa VGA kiwandani, nyingine hazikuwekewa, na yako inaonekana haina. Ina DisplayPort na HDMI. Nunua kigeuzi cha kutoka moja ya hizo kwenda VGA, lakini kiwe kile chenye saketi ndani yake, si waya mtupu wenye ncha mbili tofauti. DisplayPort na HDMI hutoa ishara za kidijitali, skrini yako inasubiri za analogi, na waya peke yake hauwezi kuzigeuza. Kwa kukitambua, kijaribu hapo hapo dukani kwa skrini yoyote ya VGA kabla ya kulipa.

Kuhusu kuipima, nenda asubuhi ambapo umeme upo, na usikubali kuambiwa «mama, tunafunga». Iwashe huku ukibonyeza F1. Ikikuomba nenosiri kabla ya kuingia katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, irudishe mezani na uondoke, kwa sababu hizi zilikuwa za ofisi za watu, na nenosiri hilo halifutwi kirahisi. Ikiingia, tazama tarehe. Kisha zima, chomoa chaja kwa dakika kumi, washa tena. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo si sababu ya kuikataa, ni betri ya bei ya chini inayouzwa hata na watengeneza saa, lakini usiiache hivyo, maana tarehe ikiwa ya uongo kivinjari kitakataa kufungua tovuti nyingi kwa madai kwamba si salama.

Ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, na uone mambo mawili: kwamba prosesa ni i3-8100T kweli, na kwamba RAM ni GB 8. Hapo utaona pia nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ikiwa ni moja kati ya mbili, furahi, kwa sababu siku ya kuongeza hutatupa kitu. Andika tpm.msc katika kisanduku cha kutafutia, uone imeandikwa 2.0. Mwishoni beba CrystalDiskInfo katika flashi yako. Ni programu ya bure, nayo itakuonyesha SSD imefanya kazi saa ngapi na hali ya afya yake ikoje. Ikiandika afya chini ya asilimia 70, usiikatae kompyuta, punguza bei.

GB 128 zitakutosha kwa nyaraka. Usiongeze RAM kwa sasa. Pesa ya kwanza utakayopata iende kwenye UPS, kama alivyosema mwenzetu wa Kamalondo, na ya pili iende kwenye nakala za faili. Usitupe diski ya kasha la zamani: ni ya inchi 3.5, kwa hiyo haiingii katika Lenovo, lakini ukiiwekea kasha la USB lenye chaja yake yenyewe ya volti 12, kwa kuwa waya wa USB peke yake haufiki volti hizo, itakuwa ghala lako. Ipitishe kwanza katika CrystalDiskInfo hiyo hiyo. Ikionyesha sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika, nakili yaliyomo siku hiyo hiyo na usiiamini tena.